Kuosha koili za vepu zilizochoka: zipi zinarudi kazini na zipi ni za kutupa

Koili ikianza kutoa ladha ya kuungua, watumiaji wengi wa vepu, yaani sigara za kielektroniki, hufanya moja kati ya mawili: huitupa palepale, au huendelea kuivuta hivyohivyo mpaka koo linawasha. Kuna njia ya tatu, kuiosha na kuirudisha kazini, na ikifanywa kwa utaratibu inaokoa pesa kweli. Tatizo ni kwamba si kila koili inaoshwa, na maelekezo mengi yanaliruka jambo hilo. Yanakwambia uchemshe maji, uitumbukize, uikaushe, basi. Mwisho wake mtu anavuta pamba iliyoungua akiamini anavuta koili safi. Kwa hiyo tutaanza na kuchagua, ndipo tuoshe.

Kinachochoka ni nini hasa

Koili ni waya au wavu mwembamba wa metali unaopata moto umeme ukipita ndani yake. Pamba imeuzunguka au imepenya katikati yake, inanyonya juisi (kimiminika chenye ladha kinachogeuzwa mvuke) kutoka kwenye tanki, waya unaichemsha, na wewe unavuta mvuke. Msingi wa juisi ni propilini glaikoli na gliserini. Ya kwanza huchemka kwenye nyuzi joto 188 za Selsiasi, ya pili kwenye 290, na zote mbili huondoka na mvuke. Vitamu haviondoki hivyo. Sukraloze, ambayo hutiwa sana kwenye juisi zenye ladha ya keki, peremende au matunda matamu, huvunjika kwa joto na kubaki ikiganda juu ya waya kama ukoko chini ya sufuria. Ndiyo maana mtu anayevuta juisi tamu anaweza kuiua koili kwa siku chache, na mwenzake anayevuta juisi nyepesi isiyo na kitamu akakaa nayo wiki kadhaa.

Ukoko huo ukizidi, joto halisambai sawasawa, juisi haifiki vizuri kwenye waya, na pamba iliyo karibu inaanza kukauka na kuungua. Hapo pana jambo la kuzingatia kwa dhati. Mwaka 2015 Konstantinos Farsalinos, daktari wa moyo kutoka Ugiriki, na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Addiction ulioonyesha kwamba aldehidi, kemikali zenye madhara, formaldehidi ikiwemo, hupanda sana pale koili inapovutwa ikiwa kavu, hali ambayo mtumiaji mzoefu huitambua mara moja kwa ladha yake mbaya. Kwa maneno mengine, ile ladha ya kuungua ni onyo la mwili wako. Usiizoee, na usiifunike kwa kuongeza juisi yenye ladha kali zaidi.

Sasa tenganisha vitu viwili. Ukoko ulio juu ya metali unaweza kuondoka. Pamba iliyogeuka mkaa haiwezi kurudi kuwa pamba, hata ukiiloweka mwezi mzima. Maamuzi yote yanayofuata yanatoka hapo.

Angalia kabla ya kulowesha

Zima kifaa, toa tanki, fungua chini na uchomoe koili. Ishike chini ya taa kali uangalie kupitia tundu la juu. Pamba ya rangi ya kahawia isiyokolea mara nyingi ni rangi ya juisi tu, na hiyo inaoshwa. Pamba iliyo nyeusi pale inapogusana na waya, hasa kama weusi una kingo kali na nyuzi zinameguka ukizigusa kwa ncha ya kibano, imeungua. Halafu inuse. Juisi iliyozeeka hunuka utamu uliochacha; pamba iliyoungua hunuka karatasi iliyochomwa. Ukishazinusa zote mbili huwezi kuzichanganya tena.

Tupa bila kujadili koili yoyote ambayo tanki lake liliwahi kukauka ukavuta pumzi kadhaa kabla ya kugundua. Tupa pia kama wavu umetoboka au waya umekatika, oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) zimepasuka, au kifaa kinakataa kuisoma. Podi (vikopo vya juisi vyenye koili ndani) zilizofungwa kiwandani na vepu za kutumia na kutupa usizifungue kabisa. Hazikutengenezwa kufunguliwa, na ndani ya hizo za kutupa kuna betri ya lithiamu iliyobanwa karibu na kila kitu unachotaka kuchokonoa.

Koili za kauri zipo katikati. Zinaoshwa, kwa sababu hazina pamba nyingi ya kuungua, lakini kauri ina vinyweleo vidogo sana vinavyoziba na kuzibuka kwa shida. Ukiona imepasuka au inamwaga unga, hiyo ni ya kutupa.

Vya kuandaa

Bakuli dogo la glasi ambalo halitatumika tena kwa chakula. Glovu. Kibano chenye ncha nyembamba. Maji ya moto na maji safi, ikiwezekana yaliyochujwa au yaliyotoneshwa, kwa sababu maji yenye chumvichumvi huacha madoa meupe kwenye waya. Pombe kali isiyo na rangi wala ladha, kama vodka. Tishu au kitambaa kisichotoa nyuzi. Kwa koili za kusokota mwenyewe ongeza brashi laini ya meno, pamba mpya na mkasi mkali. Kipima omu, yaani cha kupima ukinzani wa umeme kwenye koili, kinasaidia sana, ingawa vifaa vingi vya kisasa vinaonyesha omu kwenye kioo chao.

Glovu si za urembo. Juisi iliyobaki kwenye pamba ina nikotini, nayo hupenya ngozi. Maji ya kwanza ya kuoshea yana nikotini pia, kwa hiyo yasiachwe mezani ambapo mtoto au mnyama wa nyumbani anaweza kuyafikia, hata kwa dakika tano.

Kuosha kichwa cha koili cha kiwandani

Hiki ndicho watu wengi wanacho: kikopo kidogo cha metali chenye matundu ubavuni, pamba ikiwa imefungwa ndani. Huwezi kubadilisha pamba yake, kwa hiyo kazi yako ni kuisuuza tu. Tarajia kupata siku chache za ziada na ladha iliyo karibu na mpya. Anayekuahidi koili mpya kabisa anakudanganya.

1. Toa juisi iliyobaki. Funga koili kwenye tishu, shika upande wa juu na upulize kwa nguvu kupitia upande wa chini, huku umeielekeza ndani ya tishu hiyo. Usiweke midomo moja kwa moja kwenye metali. Tumia mrija mfupi au kipulizio cha mkono kama kile cha kusafishia lenzi.

2. Suuza kwa maji ya moto ya bomba. Maji yapite kutoka juu kwenda chini, kisha geuza. Utaona maji ya njano au ya kahawia yanatoka kwenye matundu ya ubavuni. Endelea mpaka rangi ipungue. Ukimaliza hapa juisi nyingi imeshatoka, maana propilini glaikoli na gliserini zote huyeyuka kwenye maji bila shida.

3. Loweka kwenye pombe. Mimina ya kutosha kuifunika koili kabisa, funika bakuli, acha saa mbili au zaidi. Mara mojamoja litikise bakuli polepole. Pombe inafikia mabaki ya ladha na mafuta ambayo maji peke yake hayayagusi. Kwa koili yenye pamba usitumie spiriti ya kusafishia vidonda wala isopropili, kwa sababu kitakachobaki ndani ya pamba utakivuta. Na kwa kuwa pombe inashika moto, bakuli likae mbali na jiko, mshumaa na kiberiti.

4. Suuza tena, safari hii kwa maji safi yaliyochujwa, mara tatu au nne, kila mara maji mapya. Wengine huichemsha koili dakika kumi kwenye maji badala ya kuilowesha kwenye pombe. Inafanya kazi kiasi, ila huzilegeza oringi. Kama koili yako ina oringi zinazotoka, zivue kwanza kwa ukucha au kijiti cha mbao, si kwa sindano.

5. Kausha. Hatua hii ndiyo inayoharibiwa kuliko zote, na ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Pamba iliyobanwa ndani ya kikopo cha metali inakauka polepole sana. Nje itaonekana kavu baada ya saa moja, ndani bado ni mbichi. Ukiifunga kwenye tanki katika hali hiyo, maji yatachemka kabla ya juisi, utasikia mlio wa kutatarika, na matone ya moto yatakurukia mdomoni. Ladha nayo itakuwa imepooza, utadhani juisi imeharibika. Kwanza pulizia maji yatoke, kisha isimamishe juu ya tishu iliyokunjwa mara kadhaa, matundu yakiwa wazi, mahali penye hewa na pasipo vumbi. Ipe saa 24 kwa uchache. Kwa koili nene zenye pamba nyingi ipe 48. Badilisha tishu ikilowa. Kipimo rahisi ni hiki: ikandamize dakika moja kwenye kipande kipya cha tishu nyembamba, halafu tazama kipande hicho dhidi ya mwanga. Ukiona alama ya unyevu hata ndogo kama punje, irudishe.

Kuharakisha kunawezekana kwa feni au kikausha nywele kilichowekwa kwenye hewa baridi. Usiitie kwenye maikrowevu, hiyo ni metali. Usiitie kwenye oveni. Na usijaribu kuikausha kwa kubonyeza kitufe cha kifaa chako: pamba isiyo na juisi huanza kuungua mara moja, na kazi yote uliyoifanya inaishia hapo.

Koili za kusokota mwenyewe

Hapa ndipo kuosha kunapolipa. Kwenye tanki la kujijengea unaona waya wote, unatoa pamba ya zamani na kutia mpya, na koili moja inaweza kudumu kwa miezi. Ila kuna njia inayopendwa mno ya kuichoma koili ikiwa tupu mpaka iwake, na hiyo inahitaji tahadhari kuliko wengi wanavyoipa.

Jua kwanza waya wako ni wa nini. Kanthal ni aloi ya chuma, kromiamu na alumini. Nikromu ni ya nikeli na kromiamu. Chuma cha pua cha daraja la 316L kina chuma, kromiamu, nikeli na molibdeni. Hizi tatu zinavumilia joto la wastani. Nikeli tupu, inayouzwa kama Ni200, na titani hazichomwi kabisa zikiwa kavu. Titani ikizidiwa joto hujifunika oksidi nyeupe ya unga, na hutaki unga huo ukaribie mapafu yako. Kama hukumbuki waya ulionunua ni upi, uchukulie kuwa ni miongoni mwa hizi mbili, na uuoshe kwa maji na brashi tu.

Hata kwa zile zinazovumilia, Farsalinos huyohuyo aliwahi kuwashauri watumiaji waache kuchoma koili mpaka ziwake, kwa hoja kwamba metali iliyopashwa moto kiasi hicho inabadilika na inaweza kuachia chembe zake. Mimi namfuata kwa sehemu kubwa. Naanza na maji na brashi, na moto ni wa ukoko uliokataa tu.

Toa pamba ya zamani kwa kuivuta polepole kutoka upande mmoja. Ikigoma usiivute kwa nguvu, maana utapinda mizunguko ya waya. Ikate karibu na koili kwanza. Fungua sehemu ya juu ya tanki kutoka kwenye kifaa, shika kiti cha koili (sehemu inayoishikilia) chini ya maji ya moto, na usugue waya kwa brashi laini ukifuata mizunguko. Ukoko mwepesi utaondoka hapo hapo. Ukibaki, loweka kiti chote kwenye pombe kwa saa moja kisha usugue tena. Kwa waya mtupu hata isopropili inafaa, mradi uisuuze na kuiacha iishe kabisa.

Ikilazimu kuchoma, kausha kila kitu kwanza, hasa sehemu ya chini inayogusana na kifaa. Weka wati za chini, 10 hadi 15, na ubonyeze kwa sekunde moja hadi mbili, uachie, usubiri, urudie. Fanya hivyo dirishani au nje, na usiuvute moshi unaotoka. Unachotafuta ni wekundu hafifu unaoanzia katikati ya koili na kuenea sawasawa kwenda pande zote. Ukiona rangi ya chungwa inayong'aa, umepita kiasi. Ukoko utageuka majivu ya kijivu. Achia, subiri koili ipoe kabisa, halafu ipige brashi na uisuuze. Watu wanapenda kuitia chini ya bomba ikiwa bado ya moto ili wasikie inavyolia. Usifanye hivyo, kwa sababu kupoa ghafla kunaudhoofisha waya na maji yanaingia kwenye sehemu za umeme.

Kama sehemu moja inawaka kabla ya nyingine, pana mguso usio sawa. Zima, subiri ipoe, kisha pangusa mizunguko kwa kibano na uikaze skrubu. Koili ambayo haikubali kuwaka sawasawa baada ya hapo, au ambayo waya wake umekuwa mwembamba sehemu fulani, imemaliza kazi.

Pamba mpya ipite kwenye koili kwa ugumu kidogo. Ukiivuta, koili itikisike bila kupinda. Ikiteleza bila kugusa, itavuja na kuacha nafasi tupu ndani. Ikikwama, juisi haitapita. Ncha zikate ziguse tu mifereji ya juisi, uzichambue kwa ncha ya kibano ili zisibane. Hapa mkono ndio unaojifunza, na hujifunza haraka.

Pima kabla ya kuvuta

Rudisha koili na usome omu. Kila koili ya kiwandani ina namba yake imechorwa ubavuni; kwa ya kusokota, unapaswa kuwa uliiandika siku ulipoijenga. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Ikipanda au kushuka kwa zaidi ya omu 0.1, au namba inaruka kila unapoitikisa, usiitumie. Sababu ni hesabu nyepesi ya umeme. Betri iliyojaa hutoa volti 4.2. Kwenye kifaa kisicho na bodi ya kudhibiti umeme, koili ya omu 0.5 huvuta ampea 8.4, ikishuka hadi 0.2 huvuta ampea 21, na kuna betri nyingi za aina ya 18650, zinazotumika sana kwenye vepu, zisizotengenezwa kwa mzigo huo. Miguu ya waya ikigusa ukuta wa kiti, umeme unapita moja kwa moja na betri inaweza kulipuka. Usiruke kipimo hiki hata kama koili yako inaonekana imenyooka.

Namba ikiwa sawa, tonesha juisi matone manne au matano kwenye pamba, mengine kwenye matundu ya ubavuni, mpaka pamba ing'ae. Jaza tanki, acha dakika kumi. Vuta pumzi mbili bila kubonyeza kitufe ili juisi iingie. Kisha anza na wati za chini kuliko ulizozoea, karibu nusu, upande taratibu kwa pumzi kumi za kwanza. Ladha ya juisi ya zamani inaweza kujitokeza mwanzoni ikapotea. Ladha ya kuungua ikijitokeza, hata kidogo, hakuna kuosha mara ya pili: itoe.

Ni mara ngapi

Koili ya kiwandani naiosha mara moja, mara mbili ikiwa ilikuwa nzuri sana. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha matokeo ya kupima vifaa vya watumiaji 56 wa kila siku, wakakuta kromiamu, nikeli na risasi kwenye mvuke kwa kiwango kikubwa kuliko kwenye juisi ambayo bado haijagusana na koili. Metali inatoka kwenye kifaa chenyewe. Kwangu hiyo inatosha kutoing'ang'ania koili moja mpaka waya wake umechakaa, hata kama inaonekana safi. Na kama hutumii vepu, hakuna usafi wa koili unaopaswa kukushawishi uanze.

Ukitaka kuosha mara chache zaidi, chagua juisi isiyo na kitamu kilichoongezwa, usivuke wati zilizochorwa kwenye koili, pumzika kidogo kati ya pumzi na pumzi, na ujaze tanki kabla juisi haijashuka chini ya matundu. Kuwa na koili mbili za zamu pia kunasaidia: moja inakauka bila haraka wakati nyingine iko kazini.

Zilizooshwa na kukauka zihifadhi kwenye kichupa chenye mfuniko, ukiandika tarehe na idadi ya mara ulizoiosha kila moja. Zilizokwisha zisuuze kwanza nikotini itoke, zifunge kwenye tishu, na uzipeleke pamoja na vyuma chakavu au taka za kielektroniki. Betri ziende peke yake, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe.